Bazi ya Wachina: ni uaguzi au ni elimu ya majira? Na sisi wa kusini mwa ikweta tunahesabiwaje?

#1 Mwenda_Pole

Wakuu, salaam.

Naweka hoja mezani, mnikosoe. Mwaka wa tatu huu najifunza bazi, ule uaguzi wa Kichina wa kusoma maisha ya mtu kwa saa aliyozaliwa. Nilianzia Guangzhou, nilikokuwa nafuata mzigo wa vifaa vya umeme. Mama mmoja niliyekuwa nanunua kwake alikuwa na daftari chini ya kaunta, na humo zimeandikwa herufi za mumewe na za watoto wake wote. Nilipomuuliza ni nini, akashusha kalenda ya ukutani, akaniuliza nimezaliwa lini na saa ngapi, akaanza kunionyesha. Hakunitajia nyota hata moja. Alinitajia baridi, joto, unyevu na ukavu.

Ba ni nane, zi ni herufi. Kuna nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina herufi mbili. Ya juu ni shina la mbinguni, yako 10. Ya chini ni tawi la ardhini, yako 12. Ule "mwaka wa panya" au "mwaka wa joka" mnaousikia ni tawi la mwaka tu, herufi moja kati ya nane.

Tena mwezi wa bazi haufuati mwandamo, unafuata jua. Wachina wameigawa njia ya jua katika vituo 24, kila kituo digrii 15, na UNESCO iliviingiza vituo hivyo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016. Mwaka wa bazi unaingia jua likifika kituo cha Lichun, kama tarehe 4 Februari, bila kusubiri ile sikukuu ya fataki ya mwaka mpya wao.

Chukueni mtoto aliyezaliwa Beijing tarehe 1 Januari 2000, saa sita mchana. Nguzo zake: ji-mao, bing-zi, wu-wu, wu-wu. (Hizo wu mbili ni herufi tofauti kwa Kichina, ya kwanza ni shina, ya pili ni tawi la farasi.) Shina la siku ndiye yeye mwenyewe: udongo wa yang (upande wa jua na nguvu), fikiria mlima. Kazaliwa mwezi wa zi, wenye usiku mrefu kuliko yote, ardhi imeganda, na udongo ulioganda hauotishi kitu. Lakini juu ya nguzo ya mwezi amekaa bing, moto wa jua, na chini ya siku na saa kuna moto wa adhuhuri. Kwa hiyo ni mlima wa baridi uliopata jua. Mkulima angesema hivyo hivyo juu ya shamba lake.

Hoja yangu ni kwamba hii ilikuwa elimu ya majira kabla haijawa uaguzi. Maswali yangu mawili. Mtoto aliyezaliwa Dar siku hiyo hiyo, kwenye jua la kiangazi, naye ni mlima ulioganda? Na hata kama majira ni kweli, yanavukaje kutoka shambani hadi kwenye ndoa na kazi ya mtu?

#2 Ngalawa_ya_Tanga

Naweka kigoda hapa. Wajuvi shukeni.

#3 Kaskazi_na_Kusi

Mleta uzi, hili halitushangazi sana watu wa pwani. Wazee wetu walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku 365, wakazigawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Muongo fulani unapanda mtama, muongo fulani jahazi halitoki. Wachina nao wana juma lao la kale la siku kumi, ndiyo maana mashina ni 10.

Ila mzee wangu aliishia hapo. Alijua muongo wa kutweka tanga, hakudai kujua nitaoa nani. Swali lako la pili ndilo lenye uzito.

#4 Daftari_la_Kale

Marekebisho mawili, Mwenda_Pole.

Si kweli kwamba uaguzi wa Kichina hauna nyota. Kuna mfumo mwingine, Zi Wei Dou Shu, ambao chati yake imejaa nyota na unatumia mwezi mwandamo. Hata ndani ya bazi yenyewe kuna zile zinazoitwa shensha, kama Taohua, ua la mpichi, la mambo ya mapenzi. Wengi hapa kwetu wanaziita nyota, ingawa ukitazama angani usiku huzioni. Ni majina ya uhusiano kati ya tawi na tawi. Mama yako wa Guangzhou alikufundisha mkondo mmoja tu, wa kupima joto na baridi ya mwezi wa kuzaliwa. Ni mkondo mzuri, lakini si bazi yote.

Pili, neno wuxing. Watu wanatafsiri "elementi tano", kana kwamba ni vitu. Xing ni kwenda, kutembea. Ni mienendo mitano: mti, moto, udongo, metali, maji. Mti ni nguvu inayopanda juu, ndiyo majira ya kuchipua. Moto unatawanyika, kiangazi. Metali inakaza na kukata, majira ya mavuno. Maji yanashuka na kujificha, majira ya baridi. Udongo unakaa siku 18 za mwisho wa kila majira, kama kivuko.

#5 Mwenda_Pole

Shukrani Daftari, nimepokea. Hapo kwenye shensha niliteleza.

#6 Hesabu_Haidanganyi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, niruhusuni nipige hesabu.

Mashina 10 na matawi 12 yakizunguka pamoja hurudi mwanzo baada ya 60. Kwa hiyo miaka 60, miezi 12, siku 60, saa 12 (maana saa ya Kichina ni saa mbili zetu). Zidisha: chati 518,400. Ndizo zote zinazowezekana kwa binadamu wote.

Sasa mwaka mmoja tu. Siku 365 mara saa 12 ni chati 4,380. China mwaka 2024 walizaliwa watoto milioni 9.54. Gawanya: kila chati moja ina watoto zaidi ya 2,100, ndani ya China peke yake. Watoto 2,100 wenye herufi nane zilezile. Wote wataoa mwaka mmoja? Wote watafilisika wakiwa na miaka 40?

#7 Daftari_la_Kale

Hesabu yako ni safi, ongeza kwamba mwanamume na mwanamke wa chati moja husomwa tofauti, kwa sababu vipindi vyao vya bahati vya miaka kumi kumi huhesabiwa kwenda mbele kwa mmoja na kurudi nyuma kwa mwingine. Hivyo wabaki kama elfu moja. Bado ni wengi, sikatai.

Lakini swali hilo Wachina wameliuliza zamani sana. Mwaka 260 K.K., baada ya vita vya Changping, jemadari Bai Qi wa dola ya Qin aliwafukia askari wa dola ya Zhao waliosalimu amri, historia inasema laki nne. Watu wa mkondo wa mwanafalsafa Mozi walikuwa wakipinga ajali, yaani hatima iliyokwisha kuandikwa, na hoja ya aina hii ikahesabiwa kuwa yao: laki nne walikufa pamoja, je, wote waliandikiwa siku moja? Wang Chong, aliyeandika katika karne ya kwanza, alijibu kwamba ajali ya nchi inaishinda ajali ya mtu. Nchi ikizama, nyota yako nzuri inazama nayo.

Kisha kuna msemo wa Wachina unaopanga mambo matano kwa zamu: kwanza ajali, pili bahati ya wakati, tatu fengshui (mpangilio wa makazi na makaburi), nne wema wa siri, tano kusoma. Hakuna msomaji makini wa bazi anayesema herufi nane ni kila kitu. Ni mbegu. Mbegu moja ukiipanda mwambani na nyingine kwenye bonde la mto, hupati mavuno sawa.

#8 Hesabu_Haidanganyi

Hapo ndipo panaponiudhi kwa dhati. Ikipatia, ni herufi nane. Ikikosea, ni nchi, ni fengshui, ni wema wa siri. Chombo kisichoweza kukosea hakiwezi kupima.

#9 Bint_Muscat

Asalaam alaykum. Mimi naandika kutoka Muscat. Kwetu masheikh walitutenganishia mapema: falaki ya kujua kibla, nyakati za sala na majira ya bahari ni elimu, mtu anasoma na analipwa thawabu. Kumwambia mtu kesho yake ni kitu kingine, na kimekatazwa. Nikisoma posti #1 naona Wachina wamezichanganya hizo mbili kwenye chungu kimoja. Ile nusu ya kwanza naipenda kweli. Nusu ya pili siigusi.

#10 Kaskazi_na_Kusi

Bint_Muscat, hata kwao walikuwepo waliotenganisha. Xunzi, karne ya tatu K.K., alisema mbingu zina mwendo wake usiobadilika, haziendi kwa ajili ya mfalme mwema wala hazisimami kwa sababu ya mfalme mbaya. Alisema pia aliyeijua vizuri elimu ya mabadiliko hapigi ramli. Huyo alikuwa mwanafunzi wa maumbile kwelikweli.

#11 Chapati_ya_Maji

Mimi swali dogo. Nasikia hiyo mienendo mitano inazaana kwa zamu. Mti unazaa moto, naelewa. Moto unazaa majivu, yaani udongo, naelewa. Udongo unazaa metali, migodi ipo Geita. Maji yanazaa mti, sawa. Metali inazaaje maji? Hapo mbona mnanipita haraka?

#12 Daftari_la_Kale

Swali halali. Yako majibu mawili ya zamani. Moja: metali ikiyeyuka inatiririka kama maji. La pili: weka bakuli la shaba nje usiku, asubuhi utakuta umande juu yake. Wachina wa kale walikuwa na vyombo vya shaba vya kukingia umande kwa ibada.

#13 Chapati_ya_Maji

La umande nalinunua. La kuyeyuka hapana, huo ni moto umefanya kazi.

#14 Mwenda_Pole

Mimi nalisoma kwa majira, naona linakaa vizuri zaidi: baada ya mavuno inakuja baridi. Metali "inazaa" maji kama Septemba inavyozaa Desemba. Hakuna anayechota ndoo kwenye chuma.

Lakini hakuna aliyegusa swali langu la kwanza, la kusini.

#15 Mpanda_Kahawa_Mbozi

Nigusie. Wasomaji wa bazi wenyewe wamegawanyika, hasa kwa sababu ya Wachina waliohamia Australia.

Kundi moja linasema chati haibadiliki. Shina na tawi vinahesabu wakati, kama namba za ukurasa, havipimi joto. Tarehe 1 Januari ni mwezi wa zi dunia nzima.

Kundi la pili linasema geuza miezi sita. Kama mwezi wa zi ni kilele cha baridi, basi Sydney mwezi wa zi unaangukia Juni.

Mimi nalima kahawa kusini mwa Tanzania, naona makundi yote mawili yanakwama kwangu. Ukigeuza miezi sita unanipa majira ya kuchipua na majira ya theluji ambayo sina. Huku tuna mvua na tuna kiangazi. Kahawa yangu inachanua mvua za kwanza zikigonga ardhi baada ya ukame, haisubiri digrii za jua. Nikiandika bazi ya mti wangu wa kahawa, "kuchipua" kwake kuko Oktoba au Novemba. Usipogeuza, ukaniambia mtoto wa Januari ni udongo ulioganda wakati mama yake alijifungua mvua inapiga bati na migomba imejaa maji, basi hiyo si elimu ya maumbile tena, ni kalenda ya Wachina tu. Ambayo si kosa. Ila tuiite kwa jina lake.

#16 Mwenda_Pole

Mkuu, posti hii imenikalisha chini. Nimekuwa nikiwasomea jamaa zangu wa Dar bila kugeuza na wanasema inagonga.

#17 Hesabu_Haidanganyi

Nusu yao wasomee chati zilizogeuzwa, bila kuwaambia. Nao wakisema inagonga, utakuwa umejifunza kitu kikubwa.

#18 Mwenda_Pole

Nitafanya. Naahidi hapa hadharani.

#19 Dereva_wa_Lori

Huyo aliyeanzisha bazi si Xu Ziping? Nilisikia ndiye mwenye elimu yote. Yeye mwenyewe aliishi vipi?

#20 Daftari_la_Kale

Xu Ziping, wa zama za Song, ndiye aliyelifanya shina la siku kuwa "mwenyewe", ndiyo maana njia nzima inaitwa Ziping. Ila kabla yake kulikuwa na Li Xuzhong, ofisa wa zama za Tang, aliyefariki mwaka 813. Yeye alisoma kwa mwaka, mwezi na siku. Tunamjua kwa sababu Han Yu, mwandishi mkubwa wa wakati ule, aliandika maneno ya kaburi lake na kumsifu kwa elimu hiyo.

Han Yu huyohuyo, katika maandishi ya kaburi la mtu mwingine, aliorodhesha maofisa waliouawa na dawa za kurefusha maisha, zile za kupikwa kwa zebaki. Li Xuzhong yumo kwenye orodha.

#21 Dereva_wa_Lori

Subiri. Mwenye kujua siku za wengine alikunywa zebaki ili aongeze zake?

#22 Kaskazi_na_Kusi

Mganga hajigangi, ndugu yangu.

#23 Daftari_la_Kale

Mimi naona ni habari ya kusikitisha zaidi kuliko ya kuchekesha. Mtu aliyeona ukomo wake kwenye karatasi, akashindwa kukaa nao.

#24 Mkunga_wa_Zamu

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nashindwa.

Mnajenga nguzo nzima juu ya saa ya kuzaliwa. Saa hiyo naiandika mimi. Niko wodi ya wazazi mwaka wa kumi na moja. Saa ya ukutani tuliyokuwa nayo ilikuwa inakimbia dakika kumi na mbili, na kila mtu alijua, na hakuna aliyepanda kiti kuirekebisha. Ukiwa na mwenzako, mmoja anasema saa na mwingine anaandika. Ukiwa peke yako na mama anavuja damu, huandiki. Unashughulika na mama. Unaandika baadaye kwa kukadiria, na makadirio huishia kwenye sifuri au tano. Fungueni kadi zenu za kliniki muone: saa nne na nusu, saa nane kasorobo, saa kumi kamili. Watoto hawazaliwi hivyo.

Na kuzaliwa ni lini? Kichwa kikitoka, mwili wote ukitoka, au kitovu kikikatwa? Sisi tunahesabu mwili wote. Wachina wanahesabu nini?

#25 Mwenda_Pole

Dada, asante. Yule mama wa Guangzhou alihesabu kilio cha kwanza. Ila saa ya Kichina ina dakika 120, kwa hiyo dakika kumi na mbili hazimwumizi mtu ila aliye mpakani.

#26 Fundi_Saa

Walioko mpakani ni wengi kuliko unavyofikiri, kwa sababu saa ya mkononi si saa ya jua.

Bazi inataka saa ya jua la mahali ulipozaliwa. China nzima tangu 1949 inatumia saa moja, ya digrii 120 mashariki. Aliyezaliwa Urumqi, karibu digrii 87.6, jua lake liko nyuma ya saa ya ukutani kwa zaidi ya saa mbili, yaani tawi zima la saa. Halafu kati ya 1986 na 1991 walikuwa wanasogeza saa mbele kila kiangazi. Chati ngapi za miaka ile zimesomwa bila kurudisha ile saa moja?

Kwetu: saa ya Afrika Mashariki ni ya digrii 45. Dar iko 39.3. Kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua la Dar liko nyuma kama dakika 23. Aliyezaliwa saa tano na dakika kumi asubuhi kwa saa ya hospitali anadhani yuko tawi la farasi, kumbe yuko tawi la nyoka. Aliyezaliwa Kigali, digrii 30 na saa ya digrii 30, hana shida hiyo.

Juu yake ongeza kwamba jua lenyewe halitembei sawasawa mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba linatangulia saa kwa dakika 16, katikati ya Februari linachelewa dakika 14.

#27 Mpanda_Kahawa_Mbozi

Kiswahili kimetutunzia hili: saa sita ni jua kichwani. Tawi la farasi ni saa tano hadi saa saba mchana, tawi la panya ni saa tano hadi saa saba usiku. Saa zetu na zao zinakutana pale pale.

#28 Bint_Muscat

Nirudi kidogo kwa Hesabu_Haidanganyi. Ajali inaweza kutengenezwa na imani yenyewe. Japani, mwaka 1966 ulikuwa bing-wu, farasi wa moto, na inasemwa mwanamke wa mwaka huo humla mumewe. Watoto waliozaliwa walipungua kwa kama asilimia 25 ikilinganishwa na 1965. Kuna wasichana hawakuzaliwa kwa sababu ya herufi mbili. Na 2026 ni bing-wu tena.

Kuna pia utafiti wa David Phillips na wenzake kwenye jarida la Lancet, 1993, kuhusu Wamarekani wenye asili ya China. Waliopata ugonjwa ambao mwaka wao wa kuzaliwa unauhesabu kuwa mkosi walikufa mapema kuliko wenzao, na zaidi wale walioshikilia mila.

#29 Hesabu_Haidanganyi

Utafiti huo usiuchukue mzimamzima. Gary Smith aliurudia 2006 kwa takwimu za miaka mingine, hakuuona mwelekeo ule. La Japani ni kweli tupu.

#30 Daftari_la_Kale

Na lipo la upande wa pili. Yuan Huang wa zama za Ming aliambiwa na mwaguzi mmoja nafasi yake kwenye mitihani, mshahara wake, kwamba hatapata mtoto wa kiume na atakufa na miaka 53. Mengi yakatimia, akaacha kuhangaika na lolote. Mwaka 1569 mtawa Yungu akamwambia ajali hubadilishwa kwa matendo, akaanza kuandika mema yake kila siku. Akapata mtoto wa kiume, akapita sabini.

#31 Hesabu_Haidanganyi

Au mwaguzi alikosea.

#32 Daftari_la_Kale

Au mwaguzi alikosea. Nakubali kuwa maandishi hayo hayo yanabeba maana zote mbili.

#33 Ngalawa_ya_Tanga

Kigoda kimechoka, naomba nisaidiwe. Nimezaliwa Tanga mwanzoni mwa Novemba. Kadi inasema saa tano na dakika ishirini usiku. Niko tawi gani, na siku gani?

#34 Fundi_Saa

Tanga toa dakika 24 za mahali, ongeza 16 za Novemba. Saa tano na dakika kumi na mbili za jua. Uko tawi la panya, kwa dakika kumi na mbili tu. Ungezaliwa saa hiyo mwezi Februari usingefika.

#35 Mwenda_Pole

Na siku ndiyo ugomvi. Wengine wanasema saa tano usiku siku mpya imeingia, kwa hiyo shina lako ni la kesho yake. Wengine wanasubiri saa sita usiku, wewe bado ni wa jana. Ni watu wawili tofauti kabisa kwenye karatasi.

#36 Kaskazi_na_Kusi

Na kwa Kiswahili siku yake ilikwishaingia tangu jua lilipozama. Ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia.

#37 Mkunga_wa_Zamu

Na dakika yake ya ishirini inaisha na sifuri. Nimesema tu.

#38 Ngalawa_ya_Tanga

Nimempigia mama. Anasema chumbani hakukuwa na saa, nilizaliwa nyumbani na kadi iliandikwa kesho yake zahanati. Anachokumbuka ni kwamba maji yalikuwa yameshajaa na yanaanza kutoka, maana baba alikuwa ameteremka kushusha ngalawa na wakamkimbilia kumwita akiwa maji ya kiunoni. Mwezi ulikuwa mkubwa, anasema waliuona njia nzima.

Hiyo inasaidia kitu?

#39 Fundi_Saa

Inasaidia kuliko kadi. Lete tarehe na mwaka, nitafute jedwali la maji la Tanga.

#40 Ngalawa_ya_Tanga

Nakutumia pembeni sasa hivi.